Dirisha la Kulipia

Mamangu huuliza bei kabla ya kusalimia. Sokoni tabia hiyo imetuokoa mara nyingi. Mwezi wa pili mwaka jana aliipeleka kwenye kliniki ndogo ya mtaa wetu hapa Githurai, ile iliyo juu ya duka la vipuri, na hata kabla hajakaa kwenye benchi akamuuliza msichana wa mapokezi:

"Kumwona daktari siku hizi ni ngapi?"

"Mia tano, mama. Vipimo na dawa ni kando."

Mamangu akanitazama, akautazama mkoba wake, halafu akasema amekumbuka ameacha maharagwe motoni. Hatukuwa na maharagwe motoni. Tulishuka ngazi, tukaingia kwa kemisti mlango wa pili, akanunua vidonge vya kuumwa na kichwa vya shilingi 20, tukarudi nyumbani. Kichwa kilikuwa kimemsumbua wiki tatu.

Nitarudi kwa hicho kichwa. Kwanza nataka kujua hiyo mia tano ilitoka wapi. Nikiwa shule ya msingi, kumwona daktari kwenye kliniki hiyo hiyo kulikuwa mia moja, na chupa ya dawa ya kikohozi ilikuwa ndani ya hiyo mia. Ningeweza kusema kila kitu kimepanda, unga, mafuta, kodi ya nyumba, kwa hivyo na daktari pia amepanda, tukamaliza hapo. Lakini wikendi moja nilienda kwa shosho Murang'a, akaniachia mkebe wake wa Kimbo nipange karatasi zilizomo, na nikaona kwamba hadithi ni ndefu kuliko bei ya unga.

Ndani ya mkebe mlikuwa na kadi za kliniki za watoto wake saba, risiti zilizofifia, na madaftari ya kurasa 32. Kama hujawahi kutibiwa mashambani, mambo huenda hivi: unanunua daftari lako mwenyewe, unaandika jina lako juu, na huko dispensari wanakuandikia ugonjwa na dawa humo. Ukilipoteza, hakuna mtu mwingine aliye na historia yako. Shosho hakupoteza hata moja. Na kwa sababu ni mtu wa kuhesabu, pembeni mwa maandishi ya daktari ameandika kwa penseli pesa alizotoa siku hiyo.

Nilikaa na hayo madaftari siku mbili. Serikali ya Kenya imeondoa ada ya matibabu mara kadhaa tangu uhuru, na kila mara watu wameshangilia. Lakini ukifuata penseli ya shosho unaona kwamba ada haikuwahi kuondoka kabisa. Ilihama dirisha.

*

Shosho alizaliwa kabla ya Hali ya Hatari, wakati hospitali za serikali zilikuwa zimegawanywa kwa rangi ya ngozi. Hospitali tunayoiita leo Kenyatta ilifunguliwa mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40, na jina lake lilikuwa Hospitali ya Wenyeji. Wazungu walikuwa na mahali pao. Mwaka 1952 ikapewa jina la Mfalme George wa Sita, na baada ya uhuru ikapata jina la Kenyatta. Mwafrika aliyeenda hospitali ya serikali miaka ya mwisho ya ukoloni alikuta ada ya shilingi 5. Kwa kibarua wa kuchuma kahawa hiyo ilikuwa pesa ya kufikiria mara mbili. Wengi waliendea wamishonari, au wakabaki na mitishamba.

"Sisi tulikuwa tunalipa kwa miguu," shosho aliniambia. Alimaanisha kwamba hata kabla ya kufika kwenye hizo shilingi 5, kulikuwa na mwendo wa nusu siku.

Uhuru ulikuja na orodha ya maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi, na chama cha KANU kilikuwa kimeahidi matibabu bila malipo. Mwaka 1965, mwaka ule ule serikali ilipochapisha Waraka wa Bunge Nambari 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, ada ya shilingi 5 ikaondolewa. Mtu angeweza kwenda kutibiwa na kurudi nyumbani bila kulipa. Hebu fikiria ilivyosikika kwa watu waliokuwa wametoka tu kwenye vijiji vya kufungiwa vya Hali ya Hatari.

Shida ni kwamba huwezi kutibiwa bure kwenye dispensari ambayo haipo. Kwa hivyo watu walizijenga. Hapo ndipo harambee ilipofanya kazi yake kubwa: kijiji kinatoa mawe, mchanga, mabati na pesa, halafu serikali inaombwa kuleta muuguzi na dawa. Dispensari ya kwa shosho ilijengwa hivyo. Yeye alibeba mchanga kutoka mtoni akiwa na mtoto mgongoni, na anakumbuka kwamba nyumba ambayo haikutoa mtu wa kufanya kazi ilitozwa kuku. Hilo ndilo dirisha la kwanza. Matibabu yalikuwa bure, mradi uwe umeshalipa kwa mgongo.

Mwaka 1966 likafunguliwa dirisha lingine, na wengi wetu tulilisahau kwa sababu halikuwa letu. Bunge liliunda bima ya kitaifa ya hospitali, ile iliyokuja kujulikana kama NHIF, kwa watu wenye mshahara wa shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi. Wasio na mwajiri walianza kuruhusiwa kujiunga kwa hiari mwaka 1972. Lakini angalia kitu ambacho bima hiyo ililipia: kitanda. Ukilazwa, inalipa. Ukienda kumwona daktari na kurudi nyumbani, ni mfuko wako. Iliendelea hivyo kwa wanachama wengi hadi mwaka 2015. Karibu miaka 50, bima ya taifa ilikungoja uwe mgonjwa wa kulazwa ndipo ikutambue.

*

Kwenye madaftari ya shosho, miaka ya 1970 na ya 1980 hakuna penseli nyingi. Mara nyingine ameandika "matatu" na kiasi cha nauli. Kisha inafika mwisho wa mwaka 1989 na kwenye pembe ya ukurasa kuna namba 20 iliyozungushiwa duara.

Ili kuelewa hiyo 20 lazima utoke Murang'a kwanza. Miaka ya 1980 bei za kahawa na chai ziliyumba, mafuta yalikuwa yamepanda, na serikali ilikuwa ikikopa. Waliokopesha walikuja na masharti. Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyosema nchi maskini zianze kuwatoza wagonjwa ada katika vituo vya serikali. Mwaka huo huo mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako, Mali, wakakubaliana kwamba jamii zichangie gharama ya dawa. Hoja yenyewe haikuwa ya kijinga. Dispensari nyingi hazikuwa na dawa, na walidhani pesa kidogo kutoka kwa mgonjwa ingebaki pale pale na kununua dawa.

Desemba 1989 Kenya ikaanza mpango wa kugawana gharama. Kituo cha afya kilitoza shilingi 10 kwa kujiandikisha, hospitali ya wilaya 20. Dispensari zilibaki bila ada, na watoto chini ya miaka mitano hawakutozwa.

Mjomba wangu alikuwa na miaka tisa. Mapema mwaka 1990 sikio lake la kushoto lilianza kutoa usaha. Pale dispensari walimpa matone, hayakusaidia, wakaandika kwenye daftari aende hospitali ya wilaya. Shilingi 20 ya kujiandikisha, nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, na siku nzima bila kibarua. Shosho alihesabu, akaamua kungoja malipo ya kahawa. Malipo yalichelewa, kama kawaida yake. Walipofika hospitali ilikuwa imepita miezi minne. Mjomba alipona usaha, lakini sikio hilo halisikii hadi leo. Ukitaka kuongea naye unakaa upande wa kulia.

Nilipokuwa mdogo nilidhani ni umri. Niliona sababu yenyewe kwenye daftari, kwa mwandiko wa daktari, na namba 20 kando yake.

Usidhani ni shosho peke yake. Nairobi wakati huo kulikuwa na kliniki kubwa ya umma ya magonjwa ya zinaa, na watafiti walikuwa wakihesabu wanaokuja. Stephen Moses na wenzake walichapisha hesabu hiyo kwenye jarida la Lancet mwaka 1992. Baada ya ada kuanza, idadi ya wanaume waliokuja kila mwezi ilishuka hadi asilimia 40 ya ilivyokuwa awali, na ya wanawake hadi asilimia 65. Hii ilikuwa mwaka 1990, Ukimwi ukisambaa, na magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa hurahisisha virusi kuingia mwilini. Wagonjwa hawakuwa wamepona. Walikuwa wamebaki nyumbani na ugonjwa wao, na wapenzi wao.

Septemba 1990 ada ya kujiandikisha ikasimamishwa. Hapa ndipo nilipofunga daftari kidogo nikacheka peke yangu, maana kilichofuata ni ujanja mtupu. Ada zilirudi kuanzia 1991 na 1992, hatua kwa hatua, hospitali kubwa kwanza, lakini sasa hazikuitwa za kumwona daktari. Ziliitwa za matibabu. Unaandikishwa bila malipo, daktari anakuona bila malipo, halafu unalipia dawa na vipimo. Mtu aliyelalamika kwamba analipia kuonwa na daktari hakuwa na la kusema tena. Dirisha lilikuwa limehamishwa kutoka mlangoni hadi mwisho wa korido.

*

Sasa tuseme kuhusu huyu daktari mwenyewe.

Kwenye filamu za nje kuna daktari wa familia. Anakujua tangu kuzaliwa, anamjua nyanyako, anakuja nyumbani na begi. Huku kwetu watu waliokuwa na daktari kama huyo ni wachache, na wengi wao walikuwa na makampuni ya kuwalipia. Mafunzo ya udaktari wa familia kama taaluma yenyewe yalianza Kenya mwaka 2005, katika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Sisi wengine tulikuwa na daktari wa mtaa.

Na daktari wa mtaa mara nyingi si daktari. Ni afisa wa kliniki, mtu aliyesoma diploma na kutibu watu hospitali ya serikali kwa miaka, halafu akafungua chumba chake. Njia ilikuwa imeanza kufunguliwa mwaka 1971, tume ya Ndegwa iliposema wafanyakazi wa serikali wanaweza kuwa na biashara zao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 sheria ikawapa maafisa wa kliniki nafasi ya kusajiliwa na kufungua kliniki zao binafsi. Ukiangalia tarehe, ni wakati ule ule serikali ilipoanza kutoza ada. Mlango mmoja ulikuwa unajibana na mwingine unafunguliwa.

Simlaumu huyo wa juu ya duka la vipuri. Amenitibu mimi malaria, homa ya matumbo na kidonda cha baiskeli. Alikuwa akimtibu mtu leo na kulipwa mwisho wa mwezi. Lakini hata yeye ananunua kila kitu: kodi ya chumba, leseni kadhaa kila mwaka, stima, glavu, kemikali za maabara. Dawa nyingi hutoka nje ya nchi au malighafi zake hutoka nje. Shilingi ikianguka, bei yake inapanda hata kama mgonjwa hajaongezewa mshahara. Mwaka 1993, mwaka ambao mfumuko wa bei ulipita asilimia 40 hapa Kenya, kliniki nyingi kama yake ndiyo zilikuwa zinaanza. Zililelewa na bei mbaya.

Tena analipia kitu ambacho serikali ililipia zamani, yaani muda. Hospitali ya umma unaingia saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa tisa. Mama mboga hawezi kufunga kibanda siku nzima. Madaktari wa umma walipogoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, hata hiyo foleni haikuwepo, na foleni ya kliniki za mtaa ilifika barabarani. Mia mbili ikawa mia tatu. Mgomo uliisha, mia tatu ikabaki.

*

Mwaka 2004 serikali ya NARC ilijaribu tena. Dispensari ikawa shilingi 10, kituo cha afya 20, na hakuna kingine cha kulipa. Watu waliita mpango huo kumi-ishirini. Umeona hizo namba? Ni zile zile za 1989, isipokuwa kufikia hapo shilingi 20 ilikuwa imepoteza nguvu sana. Shosho ameandika 10 kwenye daftari mara mbili, kisha ameandika 10 na 80, na mbele ya 80 ameandika "kemisti". Dispensari nyingi zilikuwa zimepoteza pesa walizotegemea kununua dawa na kumlipa mlinzi, kwa hivyo nyingine ziliendelea kutoza zaidi ya kiwango, na nyingine zilifuata sheria lakini kabati likawa tupu. Mwaka huo huo waziri wa afya, Charity Ngilu, alipeleka bungeni sheria ya bima ya afya kwa kila mtu. Wabunge waliipitisha. Waajiri na hata wengine serikalini walisema gharama ni kubwa, na Rais Kibaki akakataa kuitia sahihi.

Katiba ya 2010 ikaandika kwenye kifungu cha 43 kwamba kila mtu ana haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, na kwamba hakuna anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura. Juni 2013, sherehe za Madaraka, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba hata hiyo kumi-ishirini imeondolewa na kina mama watajifungua bure katika hospitali za umma. Penseli ya shosho baada ya hapo haina kitu dispensari. Yote ni kemisti.

Mwaka 2015 NHIF ilipoanza kulipia kumwona daktari bila kulazwa, mchango wa mtu asiye na mwajiri ulipanda kutoka shilingi 160 hadi 500 kwa mwezi. Babangu alikuwa fundi wa viatu. Alilipa alipoweza. Alipolazwa nikiwa mwaka wa pili chuoni, malipo yalikuwa yamesimama miezi kadhaa na kadi haikufanya kazi. Tulifanya mchango, tukauza pikipiki ya mjomba, na karo yangu ya muhula ikaenda huko. Babangu alitoka hospitali. Mimi sikurudi darasani. Sijutii hesabu hiyo, ningeifanya tena kesho, lakini nataka ihesabiwe. Kwenye takwimu za taifa mimi ni kijana aliyeacha chuo. Hakuna mahali pameandikwa kwamba karo yangu ililipia kitanda.

Tangu Oktoba 2024 tuna SHA. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Asiye na mshahara anaulizwa maswali kuhusu nyumba yake, choo chake na anachopikia, kisha mfumo unakadiria anachopaswa kulipa, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na analipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Kwa kiwango cha chini kabisa hiyo ni 3,600 mara moja. Dispensari na vituo vya afya unatibiwa bila kulipa ukishajisajili, na hilo ni jambo zuri, nalisema bila kejeli. Lakini mtu anayeshindwa na mia tano leo anaombwa 3,600 leo ili asitoe mia tano kesho. Dirisha sasa liko kwenye simu yako, na unalipia ugonjwa ambao bado hujaupata.

*

Kichwa cha mamangu kiliendelea. Mwezi wa nane kanisa lilileta kambi ya matibabu ya bure, wakampima presha, ikasoma 190 juu ya 110. Muuguzi alimkalisha chini na kuuliza ni nani aliyekuja naye. Daktari waliyemwita alituuliza kichwa kilianza lini, na tuliposema mwezi wa pili alinyamaza akiandika. Figo zilikuwa zimeanza kuathirika. Hatari bado ingalipo, lakini inashikika, alisema, akimeza dawa kila siku bila kuruka.

Siku hizi anatibiwa kituo cha afya cha umma. Kumwona daktari ni bure. Tembe moja kati ya tatu huwa ipo, mbili tunanunua nje, na zile mbili zinatoka shilingi 1,400 kwa mwezi. Mia tano aliyoikwepa ule mwezi wa pili tumeilipa mara nyingi sasa. Nilimwambia hivyo siku moja nikiwa na hasira, akanijibu kwamba siku hiyo alikuwa na shilingi mia sita na kodi ya kibanda ilikuwa inadaiwa mia sita. Alikuwa amefanya hesabu sawa na ya shosho mwaka 1990, na sawa na niliyofanya mimi chuoni. Sikuwa na la kuongeza.

Tulipoanza matibabu walituambia tununue daftari. Nilinunua la kurasa 32, nikaandika jina lake juu. Daktari aliandika presha ya siku hiyo na majina ya dawa. Tulipofika nyumbani nilichukua penseli, nikaandika pembeni nauli, dawa, kipimo cha figo, nauli tena. Ukurasa wa kwanza una mistari miwili ya ugonjwa na mitano ya pesa.